Gilgilani, kotmiri au dania: niandike jina gani kwenye pakiti?

"Assalamu alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, nimeolewa bara na sasa tunaishi Nairobi. Nimeanza biashara ndogo ya viungo: nanunua, naanika, nakaanga, nasaga na kufunga pakiti za gramu 50 na 100. Kwetu punje ni gilgilani na majani ni kotmiri. Hapa Nairobi vyote ni dania, na wengine wanaandika dhania. Wifi yangu wa Morogoro nilimwandikia pilau, nikasema 'gilgilani vijiko viwili', akakatakata majani mabichi akatia. Mwanangu naye karudi shule, mwalimu kamwambia 'gilgilani' ni kosa kwa sababu silabi ya Kiswahili lazima iishie kwa irabu. Jirani anasema kotmiri ni mmea mwingine kabisa, ni ile paseli ya hotelini. Na nina ndugu Muscat wanataka niwapelekee mzigo. Niandike jina gani lisiwe kosa, na kila mtu aelewe?"

Waalaykumu salaam, dada yangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, maana ni maswali mawili yaliyofungwa furushi moja. Moja ni la tahajia, yaani herufi zipi ziandikwe. La pili ni la jikoni: ndani ya pakiti mna nini? Wifi yako hakukosea kusoma. Aliliona neno, akaenda sokoni, akanunua kile ambacho Morogoro ukisema giligilani muuzaji anakupa bila kuuliza: fungu la majani mabichi. Neno lilikuwa limebeba vitu viwili, na wewe ulipoliandika ulikuwa na kimoja tu kichwani.

Nikutoe wasiwasi kwanza. Gilgilani ni sahihi, giligilani ni sahihi. Kotmiri na kotimiri yote ni Kiswahili. Dania ni Kiswahili pia, si neno la kuazima la mtaani tu kama wengine wanavyolibeza. Dhania, kwa "dh", hilo nakushauri uliache, na nitakueleza sababu.

Sasa tuanze na mmea, kwa sababu majina yote haya yanaeleweka ukishauona mmea wenyewe. Mmea ni mmoja. Wataalamu wa mimea wanauita Coriandrum sativum, na ni wa ukoo mmoja na karoti, seleri, shamari na uzile. Kama una kopo tupu la rangi na udongo kidogo, mwanao anaweza kuliona jambo hili kwa macho yake. Chukueni punje kama ishirini kabla hujazikaanga, mziviringishe chini ya chupa mpaka zipasuke mbilimbili, mzifukie kina cha ncha ya kidole, mmwagilie. Kile tunachokiita mbegu kwa kweli ni kitunda kikavu chenye mbegu mbili ndani, ndiyo maana kitunda kimoja huweza kutoa miche miwili. Baada ya wiki moja au mbili mtaona miche. Majani ya chini ni mapana, yamechanikachanika pembeni. Hayo ndiyo yanayofungwa mafungu Darajani na Kariakoo. Mkiuacha mmea bila kuuvuna, joto la jua huusukuma kutoa maua. Shina linarefuka, majani ya juu yanakuwa membamba kama nyuzi, vinatoka vimaua vyeupe au vya waridi hafifu, kisha vitunda vya kijani, na mwisho vitunda hivyo vinakauka na kuwa na rangi ya kaki. Hiyo ndiyo gilgilani unayosaga. Kopo moja, miezi mitatu minne, umepata kotmiri na gilgilani.

Lakini mmea kuwa mmoja hakufanyi kiungo kiwe kimoja. Fikicha jani vidoleni, unuse. Halafu ponda punje kavu kwa meno ya mbele, usikie. Mtu asiyejua hawezi kudhani vitu hivi vimetoka shina moja. Harufu ya jani, ile kali ya kijani inayopanda puani, hutokana na kemikali za kundi liitwalo aldehidi. Hizi ni nyepesi, zinaruka zikipata moto. Ndiyo maana mama zetu hutia kotmiri mwishoni, mchuzi ukishaepuliwa, na ndiyo maana majani yaliyokaushwa yanabaki kama nyasi. Punje iliyokomaa ina mafuta mengine, na zaidi ya nusu ya mafuta hayo ni linaloli, kitu chenye harufu tamu inayokaribiana na ganda la chungwa. Hiyo inavumilia chungu, na ukiikaanga kidogo bila mafuta ndiyo kwanza inaamka. Kitunda kikiwa bado kibichi hunuka kama jani, tena kwa ukali zaidi, mpaka wapo wanaosema kinanuka kunguni. Kigiriki cha kale kiliita mmea huu koriannon, jina lililozaa coriander ya Waingereza, na kwa muda mrefu watu wamelihusisha na koris, neno la Kigiriki la kunguni.

Hapohapo nikuongezee jambo litakalokufaa dukani. Iko siku mteja atakuambia majani haya yana ladha ya sabuni. Usimbishie. Aldehidi za jamii hiyohiyo zimo katika sabuni, na wapo watu wenye tofauti ndogo katika jeni, yaani chembe ya urithi, ya kunusa inayoitwa OR6A2, ambayo inahusishwa na kuzisikia kwa namna hiyo. Mtu huyo mara nyingi hula pilau yenye gilgilani ya unga bila tatizo. Kwake yeye, lebo inayotaja jina bila kusema ni jani au punje haijamsaidia kitu.

Kwa hiyo usimtafutie wifi yako kipimo cha kubadilisha majani kwa punje. Hakipo. Vijiko viwili vya majani haviwi gilgilani, hata viwe ishirini.

Sasa majina. Ukisikiliza vizuri, tofauti ya Unguja na Nairobi ilianzia Bara Hindi. Wagujarati wana majina mawili: jani ni kothmir, punje ni dhana. Wahindi wa kaskazini, na Wapunjabi, hutumia dhaniya kwa vyote viwili, na wakitaka jani husema la kijani. Unguja ilikaliwa sana na wafanyabiashara wa Kigujarati na Kikachi, na kotmiri yetu ni ile kothmir yao. Punje tulikuwa na jina lake lililotoka upande wa Uarabuni. Matokeo yake Kiunguja kina neno la jani na neno la punje, kila moja na kazi yake. Mimi naliona hilo ni hazina, na ningependa usiliache lipotee nyumbani kwako hata ukiwa Nairobi. Kenya nao, ambako mafundi na vibarua waliojenga reli kati ya 1896 na 1901 wengi walitoka Punjabi, wanasema dania kwa jani na punje. Mama mboga ukimwambia "dania ya kumi" atakupa kifungu cha majani, hana haja ya kukuuliza. Ukitaka punje, unasema mbegu za dania, na unga ni dania ya unga.

Tanzania Bara ndiko kwenye mtego uliomnasa wifi yako. Huko giligilani imechukua kazi zote mbili, na kotmiri haisikiki sana ukiacha pwani. Sokoni ni majani, dukani kwa viungo ni punje. Muuzaji anajua mteja anataka nini kwa kuangalia tu anauliza mbele ya meza gani. Karatasi haina meza, dada yangu.

Usijione umepotea peke yako. Kiingereza kina mtego huohuo. Uingereza coriander ni jani na punje. Marekani jani ni cilantro, neno la Kihispania, na coriander inabaki punje. Ukisoma mapishi mtandaoni angalia kwanza mwandishi ni wa wapi.

Gilgilani yenyewe nataka tukae nayo kidogo, maana historia yake inagusa mzigo wako wa Muscat. Chanzo chake ni neno la Kiarabu juljulan. Lisan al-Arab, kamusi kubwa ya Ibn Manzur ya karne ya 13, inalipa neno hilo maana mbili: tunda la kuzbara, ambayo ndiyo kotmiri kwa Kiarabu, na pia punje za ufuta. Sehemu nyingi maana ya ufuta ndiyo iliyoshinda. Moroko ukisema jenjlan utapewa ufuta. Yemen mafuta ya juljul ni mafuta ya ufuta. Wareno walichukua gergelim na Wahispania ajonjolí, yote ufuta. Kiswahili chetu kikashika maana ya kwanza, ile ya tunda la kuzbara, na ufuta kikauachia jina lake lenyewe. Na ile "g" ya mwanzo? Maneno mengi tuliyotoa Uarabuni yalibaki na "j": jibu, jamii, jeneza. Waomani wengi, na watu wa Aden na Taizz, hutamka jimu, yaani "j" ya Kiarabu, kama "g", kwa hiyo mimi nikilisikia neno hili nasikia mdomo wa baharia wa pande hizo kuliko wa mwanachuoni mwenye kitabu.

Mwalimu wa mwanao usigombane naye, kwa sababu analosema lina ukweli wake. Maneno ya asili ya Kibantu silabi zake huishia kwa irabu. Lakini Kiswahili kimepokea maneno ya kigeni kwa karne nyingi, na mengi yamebaki na konsonanti zilizobanana: sul-ta-ni, al-fa-ji-ri, lab-da, mak-ta-ba. Daftari ambalo mwanao anaandikia somo hilo lenyewe ni daf-ta-ri. Kama sultani si kosa, gilgilani si kosa. Kinachotokea ni kwamba baadhi ya wasemaji huingiza irabu ndogo ili ulimi upite vizuri, na baadhi hawaiingizi, na lugha inazikubali njia zote mbili. Ndivyo tulivyo na hatma na hatima, ratli na ratili, milki na miliki. Kotmiri na kotimiri ni hivyohivyo. Tamka gilgilani haraka, kisha giligilani polepole. Mkazo unaangukia "la" kote kuwili, na ile "i" ya katikati inapita kama upepo. Unachotakiwa kuangalia ni mambo mawili tu. Usibadilishe "l" kuwa "r". Na ukichagua umbo moja, lishike hilohilo kwenye pakiti, kwenye risiti na kwenye ujumbe wa simu, ili mteja akilitafuta jina lako alipate.

Dhania ni habari nyingine. Kihindi kina "d" inayotoka na pumzi nzito, na wanaoandika Kihindi kwa herufi za Kizungu huionyesha pumzi hiyo kwa "h". Tahajia hiyo imeingia kwenye pakiti za viungo, ikaingia kwenye mabango ya bei, na leo Kenya imeenea kila mahali. Lakini katika Kiswahili "dh" ni sauti yake yenyewe, ya ulimi kati ya meno: dhahabu, dhambi, dhoruba. Hakuna mama mboga anayesema dania kwa ulimi huo. Tena dhania ni kitenzi tunacho siku zote: "usinidhanie vibaya." Niliwahi kuhariri karatasi za mapishi nikaliacha "dhania" lipite, nikijiambia watu wamelizoea. Mama mmoja wa Pemba akasoma mbele yangu kwa sauti, "katakata dhania", kwa "dh" ya dhahabu kabisa, akanyamaza, akarudi mwanzo wa sentensi, akaniuliza imekatika wapi. Tangu siku hiyo naandika dania. Sisemi wanaoandika dhania hawajui Kiswahili, wamefuata walichokiona. Wewe unayeanza upya una nafasi ya kuandika kama watu wanavyotamka.

Jirani yako naye nimwelewe. Paseli na kotmiri zinafanana kweli, hasa paseli ile ya majani bapa, na ni za ukoo mmoja. Lakini ni mimea miwili. Paseli ni Petroselinum crispum. Jani lake ni gumu kidogo na la kijani iliyoiva, na ukilifikicha halina ile harufu kali. Usimbishie kwa maneno. Mpe majani mawili anuse. Kotmiri na majani ya dania ni kitu kimoja.

Twende kwenye pakiti sasa. Unaweza kuandika jina moja tu, gilgilani, ukabaki na lugha ya kwenu safi. Hasara yake ni kwamba mpita njia wa Nairobi ataiangalia na kuirudisha rafuni. Unaweza kuandika majina yote, lakini pakiti ya gramu 50 ni ndogo, na maandishi yakijazana mtu hasomi hata moja. Mimi ningefanya hivi: jina kubwa liwe lile analoliuliza mnunuzi wa soko hilo, na sehemu ya mmea ikae palepale karibu nalo, si nyuma. Kwa Nairobi, DANIA YA UNGA kwa herufi kubwa, na chini yake "punje za gilgilani zilizokaangwa na kusagwa". Kwa Dar es Salaam na Unguja igeuze: GILGILANI YA UNGA juu, dania chini. Maneno "punje" na "unga" yana uzito kuliko jina lenyewe, na bila hayo Morogoro itajirudia. Jina la kitaalamu, Coriandrum sativum, liweke kwa herufi ndogo nyuma. Halina ubishi Nairobi wala Muscat. Sentensi nayo iwe ya umoja, "gilgilani hii", "gilgilani kavu"; "magilgilani" halisemwi.

Mzigo wa Muscat usiupeleke na jina la Kiswahili peke yake. Ndugu zako wanaojua Kiswahili wataelewa, lakini pakiti hutembea. Ikifika kwa Myemeni au Mmoroko akasomewa gilgilani, anaweza kufikiri ni ufuta. Andika kuzbara kwa herufi za Kiarabu, kisha uongeze kwamba ni punje. Nalisisitiza hili kwa sababu ufuta ni katika vyakula vinavyoleta mzio mkali kwa baadhi ya watu, na jina lenye maana mbili si mahali pa kubahatisha. Na kama mashine unayosagia inasaga pia ufuta au karanga, jambo hilo liseme waziwazi kwenye pakiti.

Gilgilani yenyewe huweza kumletea mtu mzio pia, hasa mwenye mzio wa seleri. Mteja akikuambia alikula akawashwa mdomo, akavimba midomo au akabanwa na pumzi, usimpe ushauri wa dukani. Kubanwa na pumzi au kuvimba uso ni kwenda hospitali saa hiyohiyo. Mwashowasho wa mdomo ukijirudia, amwone daktari akiwa na pakiti mkononi, na hapo ndipo utakaposhukuru kwamba uliandika kila kilichomo.

Mimi ni mtu wa maneno, na kwa maneno nimekujibu. Lakini kama umekauka sawasawa unga wako, kama hauna ukungu wala sumukuvu, na kama lebo imetimia, hayo hayaamuliwi kwa barua. Chukua sampuli na mchoro wa lebo yako kabla hujachapisha nyingi, nenda nazo mwenyewe kwenye shirika la viwango: KEBS kwa soko la Kenya, TBS kwa Tanzania Bara, na ZBS kwa Zanzibar. Watakuuliza jina la bidhaa, viambato, uzito halisi, tarehe na anwani ya mtengenezaji. Waulize pia kuhusu kupeleka nje, kwa sababu nchi inayopokea huwa na masharti yake.

Na wifi usimwache hivihivi, mwandikie tena ile pilau. Mwandikie: "Giligilani kavu, punje nzima, vijiko viwili vya chai. Kaanga bila mafuta mpaka inukie, saga, tia pamoja na viungo vingine." Halafu mstari wa pili: "Giligilani ya majani, nusu fungu, usitie ndani ya pilau. Katia kwenye kachumbari, dakika ya mwisho, watu wakishakaa mkekani."